Posa Juu ya Posa ya Toledo

"Washa gari."

Hafidh alikuwa hajamaliza hata kuteremsha kioo. Ami yake, Mzee Muhiddin, alikuwa amesimama kando ya mlango, kanzu nyeupe chini ya koti zito la baridi, bahasha ya posa bado iko mkononi. Nyuma yake alikuja Bi Miska, mama yake Hafidh, amelikumbatia boksi la halua. Utepe wa boksi haukufunguliwa.

Hafidh akatazama saa. Waliingia nyumba ile ya kina Hayat saa tisa na dakika tano. Sasa ilikuwa saa tisa na robo. Posa ya watu wa Unguja haiishi kwa dakika kumi, hata ikiwa Unguja yenyewe imehamia Tooting ya London. Kahawa peke yake inataka nusu saa.

"Ami, vipi?"

"Nimekwambia washa gari. Mambo mengine huambizana njiani."

"Mama?"

Bi Miska akaketi kiti cha nyuma, akaweka halua mapajani, akaanza kulia.

"Keshaposwa mwanangu. Hayat wako keshaposwa."

Hafidh akageuka kumtazama.

"Na nani?"

"Na Mmarekani," alisema Mzee Muhiddin akivuta mkanda. "Anaitwa Toledo."

"Toledo nani?"

"Jina la baba hatukupewa. Mamake ndiye aliyepiga simu kwa Bi Mwanamwema, nusu saa kabla hatujagonga mlango. Nusu saa, Hafidh! Lau ungefuata ile njia niliyokwambia mie..."

"Ndiyo niliyofuata, ami. Ndo maana tumechelewa."

"Na si hayo tu," akasema Bi Miska puani. "Anamchukua awe wa pili."

"Wa pili wa nini?"

"Mke wa pili! Yule mama kasema bila haya: wa kwanza tumeshampata, msichana wa Texas, na Hayat ndiye wetu wa pili. Mwanamwema simu karibu imponyoke."

Basi msomaji, kabla hujamhukumu mama wa watu, nikusogeze nyuma kidogo. Bi Mwanamwema alikuja London na bintiye mmoja, Hayat, binti akiwa na miaka tisa. Mama akapata kazi ya kuwatunza wazee, mtoto akapata mpira. Alicheza na wavulana pale Tooting Bec mpaka wavulana wakaomba wasipangwe naye timu tofauti. Alipotimiza miaka kumi na minane chuo kimoja cha Pennsylvania kikamlipia masomo yote ili akawachezee. Kwa Bi Mwanamwema, mpira ulikuwa namna ya kulipa ada. Ada imekwisha, digrii imepatikana Desemba ile ya 2008, mpira nao umekwisha. Kwamba binti anaweza kuchaguliwa na mtu kwa sababu ya mpira, hilo halikumpitia akilini hata kidogo.

Hafidh yeye alikuwa fundi umeme wa Kingsbury, upande wa pili wa London, ana miaka ishirini na sita. Alikutana na Hayat kwenye harusi moja miaka miwili nyuma, Hayat akiwa likizo, umeme ulipokatika katikati ya taarabu na yeye akaitwa kuokoa jahazi. Hayat ndiye aliyemshikia tochi. Tangu siku ile walizungumza kwa simu kila Jumapili, yeye London, mwenzake Pennsylvania, na ahadi yao ilikuwa moja: ukimaliza chuo, nitaleta watu. Januari hii Hayat amerudi, na leo, Ijumaa, watu wameletwa. Hafidh hakumwambia siku, alitaka iwe ghafla. Na kwa kuwa mposaji haingii kwenye posa yake, alikuwa amewekwa kwenye gari kama dereva wa kukodi.

"Bi Mwanamwema kakubali?" aliuliza.

"Kachanganyikiwa, maskini. Anasema yule mama anazungumza Kiingereza cha puani. Lakini maneno matatu kayashika. Toledo amemchagua. Hayat ni wa pili. Na kuanzia leo haki zote anazo Toledo, hapana mwingine anayeruhusiwa kuzungumza naye."

"Si mngemngoja Hayat mwenyewe aulizwe?"

"Hasha! Kuposa juu ya posa ya mwenzio haifai. Hata mwenzio akiwa Toledo."

Hafidh hakuwasha gari. Alitoa simu, akaandika kwa vidole viwili:

*Hongera. Nimesikia umechaguliwa na Toledo.*

Jibu lilikuja kabla hajapumua.

*UMEJUAJE??? Nilitaka nikwambie mie kwa mdomo wangu! Hafidh nina furaha mpaka natetemeka*

*Kwa hiyo umekubali?*

*Nakataaje? Siku hii nimeingoja miaka minne!*

*Muda wote huu ulikuwa unanificha?*

*Sikutaka kusema kabla hawajanichagua. Wengi hawachaguliwi, ni aibu. Usikasirike basi*

*Ni kweli wewe ni wa pili?*

*Wa pili kati ya saba!! Si haba eh?*

"Saba," alisema Hafidh kwa sauti.

"Saba nini?" aliuliza mama yake.

"Wake zake. Wako saba."

"Lahaula!" Mzee Muhiddin akaipiga dashibodi kofi. "Bas, angalau tumejua kuwa si Muislamu."

"Kama si Muislamu, ami, mbona hiyo posa yake inatuzuia?"

"Usinifundishe dini ndani ya gari langu. Washa."

Akawasha. Walipofika taa za kwanza simu ikalia, akaiweka kwenye spika akidhani ni Hayat. Alikuwa Champa, mwenye nyumba wake, Mhindi aliyezaliwa Mwanza, ana duka la viungo na mchele Kingsbury Road. Hafidh anakaa juu, yeye anauza chini, na Kiswahili chake kingewashinda wengi waliozaliwa Mwanza hiyo hiyo.

"Hafidh! Uko wapi wewe? Mchumba wako yuko hapa dukani tangu saa nane."

"Hayat? Yuko kwako?"

"Amekuja kukutafuta, hukuwepo. Akaomba kompyuta ya ofisini. Mara nikasikia ukelele, nikajua panya. Kumbe wamemchagua! Sasa anakumbatia wateja wangu mmoja mmoja. Amegawa jalebi zangu, vitamu vya kuuza, bure kwa watu nisiowajua."

"Mama Champa," Hafidh alisema polepole, "huyo Toledo ni mtu wa namna gani?"

"Mtu?"

"Huyo anayemuoa."

Champa akauliza, kwa upole anaoutumia kwa wateja wagonjwa:

"Umekula leo?"

"Mama Champa!"

"Toledo ni mji, baba. Uko Ohio. Mpwa wangu Vijay ana moteli huko, anasema baridi yake mbaya."

"Mji unaoaje?"

"Nani kasema unaoa? Ni timu ya mpira, we Hafidh! Timu ya wanawake ya Toledo!"

Gari la nyuma likapiga honi. Taa zilikuwa kijani tangu zamani.

"Kasemaje?" aliuliza Mzee Muhiddin, ambaye alikuwa amesikia kila neno.

*

Walipofika Kingsbury, Hayat alikuwa nyuma ya duka, kwenye chumba cha magunia, anazungumza na mama yake kwa simu. Msichana mrefu, hijabu ya bluu, raba miguuni, na machozi ya furaha bado hayajakauka.

"Mama, no, listen. Toledo si mwanamme. Toledo ni timu."

Sauti ya Bi Mwanamwema ilisikika mpaka kwenye rafu za dengu:

"Timu nzima?! Hayat!"

"Timu ya mpira, mama! Wanataka nikawachezee!"

"Na yule mke wa Texas?"

"Ni kipa, mama."

"Mke wa kipa?"

"Yeye mwenyewe ndiye kipa! Na yule uliyezungumza naye ni kochi wetu, si mkwe. Mama? Mama, kaa kitako kwanza."

Alipokata simu akamuona Hafidh mlangoni, na nyuma yake ami mtu na mama mtu na boksi la halua. Hapo ndipo alipoelewa watu wale walikuwa wametoka wapi. Akakaa juu ya gunia la mchele.

"Mlikuwa kwetu," alisema. "Leo. Mmeleta posa leo."

"Na tumerudishwa leo," alisema Mzee Muhiddin. Akatafutiwa kiti. "Sasa binti, nieleze mimi mtu mzima, taratibu. Hiyo simu ilikuwa ya nini?"

"Ilikuwa draft, ami."

"Drafti? Ile ya vizibo vya soda?"

"Siyo hiyo. Marekani ukimaliza chuo huendi kubisha hodi kwenye timu unayoitaka. Kuna siku moja, timu zote zinakaa ukumbi mmoja na orodha ya wachezaji waliomaliza. Zinachagua kwa zamu, mmoja mmoja. Zikimaliza raundi ya kwanza zinaanza ya pili."

"Na anayeanza ni nani? Tajiri wao?"

"Aghlabu aliye dhaifu ndiye anayeanza, ili naye apate mchezaji mzuri."

"Hilo lina insafu, haki tupu," alikiri mzee. "Na nyinyi wasichana mnakaa wapi?"

"Popote. Tunangoja. Mie nilingoja hapa kwenye kompyuta ya Mama Champa, nilishindwa kukaa nyumbani."

"Mnaulizwa mnamtaka nani?"

"Hatuulizwi."

"Wazee wenu wanaulizwa?"

"Wala."

"Akikuchagua usiyemtaka?"

"Unaweza kukataa. Lakini haki yako anayo yeye. Huwezi kwenda timu nyingine ya ligi ile mpaka yeye akuachie."

Mzee Muhiddin akageuka, akamtazama Bi Miska, kisha Hafidh, kisha Champa aliyekuwa anajifanya anapanga bizari.

"Sasa," alisema, "nani kati yenu ataniambia kwamba hii si posa?"

"Ami, ni mpira tu," alijaribu Hafidh.

"Mpira, mume, vyovyote. Amechaguliwa, amekubali, na mwenye haki yupo. Mimi siingizi barua juu ya barua ya mtu. Tutamuomba ruhusa huyo mama wa Toledo. Akituachia, tunaendelea. Asipotuachia, halua hii nitaila mwenyewe kwa huzuni."

Wazee wakaenda mbele kunywa chai ya Champa. Hafidh na Hayat wakabaki kwenye magunia, mlango wazi, kama heshima inavyotaka.

"Ulidhani naolewa na Mmarekani mwenye wake saba," alisema Hayat.

"Wewe ndiye uliyeandika saba."

"Timu imechagua wachezaji saba!"

"Mie ningejuaje?"

Wakacheka, wakacheka mpaka Hayat akajifuta macho kwa ncha ya hijabu. Kisha kicheko kikaisha, na kilichobaki hakikuwa cha kuchekesha.

"Kwa hiyo unaondoka," alisema Hafidh.

"Machi mosi."

"Kwa muda gani?"

"Kuchaguliwa si mkataba. Kuna kambi kwanza, wanatujaribu. Wakinikata, ni wiki nne tu. Wakinibakisha, mpaka Agosti. Na mwakani tena, inshaallah."

Hafidh alichezea uzi wa gunia. Toledo alipokuwa mtu alijua la kufanya. Angemchukia, angemtafutia kasoro, angesema ana wake wengi. Huu mji hakuwa na la kuushutumu. Haukumdanganya mtu, haukuiba, ulikuwa umemuona Hayat akicheza na ukampenda, jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelifanya.

"Na ningekwambia usende?"

Hayat hakucheka.

"Unaniambia?"

"Nauliza."

"Usiniulize kama unapima maji, Hafidh. Kama unasema, sema."

"Hafidh!" ami akaita kutoka mbele. "Njoo uniandikie namba ya huyo mama!"

Hafidh akaenda. Swali likabaki pale kwenye mchele bila mwenyewe.

*

Simu ilipangwa Jumatatu saa kumi, nyumbani kwa Bi Mwanamwema. Mzee Muhiddin na Bi Miska walifika mapema na halua yao. Hafidh alikuja peke yake kwa treni baada ya kazi. Mposaji hakai kwenye kikao kama kile, kwa hiyo aliingia na sanduku la vifaa. Rasmi alikuwa fundi aliyeitwa kutengeneza spika ya simu. Spika ilikuwa nzima kabisa. Hafidh aliifungua, akaifunga, akaifungua tena, na kila mtu akashukuru kazi yake.

"Fundi atakunywa kahawa?" aliuliza Bi Mwanamwema, aliyemjua tangu harusi ile ya umeme.

"Fundi atashukuru, bi mkubwa."

Hayat aliketi kwenye mkeka na sahani ya kachori, hana raha, anakula moja baada ya nyingine. Simu ikapigwa. Ikapokelewa na Kochi Darlene wa Toledo, sauti nene, ya kirafiki, ya mtu aliyezoea kupiga kelele uwanjani. Mzee Muhiddin akasogea. Kiingereza chake alikisoma zamani za Mwingereza, na alikitunza kama suti ya Idi.

"Bibi mheshimiwa. Naitwa Muhiddin. Nazungumza kwa niaba ya familia kuhusu Miss Hayat."

"Karibu sana, bwana! Tunampenda Hayat. Nimemfuatilia miaka miwili. Siku ya kwanza tu, nilipouona mguu wake wa kushoto, nikasema huyu lazima nimpate."

Hayat akawafasiria. Bi Miska akashika kifua.

"Kauona wapi mguu?"

"Uwanjani, mama. Na soksi."

"Bibi," aliendelea Mzee Muhiddin, "tunajua wewe ndiye uliyetangulia na haki unazo wewe. Sisi tumefika wa pili. Lakini nia yetu ni ya siku nyingi. Kwa adabu zote tunakuomba ruhusa tumchukue sisi."

"Mumchukue," alirudia Kochi Darlene. Sauti ilikuwa imebadilika, imekuwa ya biashara. "Samahani, nyinyi ni klabu gani?"

Mzee Muhiddin akawatazama wenziwe. "Anauliza sisi ni klabu gani."

"Mwambie watu wa Kikwajuni, Unguja," alisema Bi Miska.

"Sisi ni Kikwajuni, bibi. Kwa sasa tuko Kingsbury."

"Sijawahi kuwasikia. Mko ligi ya England? Sikilizeni, simuachii hivi hivi. Mnataka kubadilishana? Mnatoa nani?"

Hayat alitaka kusema, lakini mdomo ulikuwa umejaa kachori. Mzee Muhiddin alitafakari. Akamtazama mtoto wa nduguye pale chini, bisibisi mkononi.

"Tunamtoa huyu kijana. Hafidh."

"Anacheza nafasi gani?"

"Ni fundi umeme."

Kochi Darlene akasema, taratibu kabisa:

"Bwana Muhiddin. Tunazungumza habari ya mpira?"

"Mpira? Hasha, bibi! Tunazungumza habari ya ndoa!"

Kicheko kilichotoka kwenye ile spika Hafidh hajawahi kukisikia kwa mwanamke yeyote kabla ya hapo. Alicheka, akawaita wenziwe ofisini, wakacheka wote, akarudi akiwa anahema.

"Mungu wangu. Yaani mmenipigia kuniomba mchumba! Bwana, haki zangu ni za uwanjani tu. Nyumbani kwake sina hata kura. Hapa nina wachezaji wanne wameolewa, waume zao wanakuja wanashangilia vibaya. Mimi nataka awe kambini Machi mosi. Mengine mtajua wenyewe. Na huyo fundi umeme, mwambieni asimchukulie poa msichana huyu. Nilikuwa nahofia timu mbili zingine zitamnyakua kabla yangu."

Simu ikakatwa kwa kheri na salamu nyingi. Mzee Muhiddin akanyoosha kanzu. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyemaliza vita.

"Tumeachiwa. Bi Mwanamwema, baba yake mtoto tutampigia Muscat leo hii hii. Lakini kwanza mwenyewe." Akamgeukia Hayat. "Binti yangu, umesikia. Hafidh wetu anakutaka kwa halali. Umeridhia?"

Hayat hakujibu. Sekunde tano, sekunde kumi.

"Kimya cha mwanamwali ndiyo ridhaa yake," alisema mzee kwa furaha, akainua mikono. "Al-Fatiha."

Hayat akainua kidole. Akatafuna. Akameza.

"Sijanyamaza, ami. Nilikuwa na kachori mdomoni."

Mikono ya watu ikashuka.

"Mie nina neno," alisema. "Chuo kilinichagua, nikashukuru. Toledo wamenichagua, nimeshukuru. Nyie mmekuja na barua, nashukuru pia, wallahi. Lakini nimechaguliwa mpaka nimechoka. Na kuna mtu hapa aliniuliza swali nusu, akakimbilia kuandika namba ya simu."

Macho yote yakaenda kwa fundi.

Hafidh akaweka bisibisi chini. Akasimama.

"Nilitaka kukwambia usende," alisema. "Leo nilikuwa nakuja kukwambia. Sentensi yenyewe nimeipanga kwenye treni, tangu Stockwell mpaka Tooting Bec."

"Ilikuwaje?"

"Inaanza na 'Kama kweli unanipenda'."

"Aa, hiyo mbaya," alisema Bi Miska, mama yake mzazi.

"Najua, mama. Mpaka nafika hapa mlangoni ilishaanza kuninukia." Akamgeukia Hayat. "Naogopa. Naogopa utakwenda huko, uone mambo makubwa, mie nibaki sauti ya Jumapili. Hilo ndilo lililokuwa nyuma ya swali langu, na si haki ulibebe wewe. Nenda. Wakikukata, rudi, utanikuta. Wakikubakisha, nitakuja kukutazama ukicheza, nishangilie vibaya kama waume wenzangu. Ningependa uende ukiwa mke wangu. Lakini hilo uamue mwenyewe, si ami wala Toledo."

Hayo ndiyo maneno marefu kuliko yote Hafidh aliyowahi kuyasema bila kushika waya. Bi Mwanamwema alijifuta macho kwa kanga na kusingizia kitunguu, ingawa hapakuwa na kitunguu.

Hayat akasimama, akachukua sahani.

"Nipeni nusu saa. Leo nachagua mie."

Akaingia jikoni, akafunga mlango.

Nusu saa ile ilikuwa ndefu. Mzee Muhiddin alikunywa vikombe vitatu vya kahawa na kusema mara mbili kwamba zamani mambo hayakuwa hivi. Bi Mwanamwema akamjibu kwamba zamani yeye aliolewa bila kuulizwa, na mume yuko Muscat na mke mwingine, kwa hiyo amwache mtoto afikirie kwanza. Bi Miska alifungua halua kwa wasiwasi na kuanza kuila kwa kijiko. Hafidh alikaza parafujo moja mpaka ikakatika.

Simu yake ikatetemeka.

*Raundi ya kwanza, chaguo la kwanza: HAFIDH, fundi umeme, kutoka Kikwajuni ya Kingsbury. Haki zake zote ni zangu kuanzia leo, hapana mwingine anayeruhusiwa kuzungumza naye. Unakubali au niendelee na orodha?*

Herufi zilimcheza machoni. Akaandika:

*Nakubali. Nakubali sana.*

*Usishangilie mapema. Kuchaguliwa si mkataba. Kuna kambi, na inaanza leo. Vyombo vyote viko huku.*

Hafidh akavua koti. Akakunja mikono ya shati mpaka kwenye viwiko, akavuka mkeka kuelekea jikoni.

"Wee!" alisema Mzee Muhiddin. "Unakwenda wapi? Mtoto kajibu nini?"

"Kajibu ndiyo, ami," alisema Hafidh. "Nakwenda kambini."

Vigelegele vya Bi Mwanamwema vilimtoa jirani wa chini nje na taulo.

Ndoa ilifungwa Februari, kwenye sebule hiyo hiyo. Baba yake Hayat alitoa idhini kwa simu kutoka Muscat, na Sheikh Muhsin alipomuuliza bibi harusi kama ameridhia, alijibu kwa sauti ya uwanjani mpaka sheikh akasogeza kiti. Kochi Darlene alituma jezi mbili, moja ya mke na moja ya fundi umeme. Siku nane baadaye Hayat akaondoka, hina bado haijafutika mikononi na viatu vya njumu vinaning'inia begani. Hafidh alilia pale Heathrow mbele ya watu wote, na wala hakujificha uso.